Mtoto wa jirani anagonga geti kila jioni kuja kucheza. Kwenu mnampokeaje?

Mama wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wana-Dodoma, na wengine wote mnaopita humu.

Naomba tuongee jambo ambalo kwenye makundi ya wazazi huwa linaishia kwenye manung'uniko tu: mtoto wa jirani anayekuja kucheza na mwanao bila taarifa. Hajaalikwa, mama yake hajapiga simu, wewe ndiyo kwanza umebandika maji ya ugali, mara unasikia jiwe linagonga geti, ko ko ko, na sauti: "Hodiii! Yupooo?" Ukitazama unaona vidole vya miguu vimejaa vumbi chini ya geti, na pembeni ya bawaba jicho moja linachungulia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini. Huyo mtoto hajakosa chochote. Watoto wametafutana hivyo miaka yote, kwa miguu yao na kwa sauti zao. Ninachotaka mimi ni vitu viwili: aambiwe ukweli pale pale getini, na mtu mzima wa nyumba hii amjue mtu mzima wa nyumba ile. Mambo ya saa, chakula na vyumba yanafuata baada ya hapo.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku, na mwaka 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji, mitaa imeota kwa kasi. Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, Mkonze, Kisasa, kila mahali utakuta huyu katoka Dar, yule Mwanza, yule Songea, na yule ni mwenyeji ambaye shamba la babu yake ndilo lililopimwa viwanja. Watu wanahamia nyumba haijapigwa rangi lakini ukuta na geti vimeshakamilika. Wazazi wengi wanatoka alfajiri kuwahi ofisi za Serikali kule Mtumba, kurudi ni giza. Unaweza kukaa na jirani miaka, salamu yenu ikawa ni honi. Watoto ndio wanaojuana majina. Basi yule anayegonga geti ndiye mtu wa kwanza anayejaribu kuunganisha nyumba ambazo wakubwa wake hawajawahi hata kusalimiana, na sisi tunamwona kero.

Kinachoniuma zaidi ni uongo wa getini. Dada anatumwa: "Kamwambie amelala." Saa 10 na nusu jioni, na huyo aliyelala anasikika anacheka sebuleni. Wa nje kasikia. Wa ndani naye kasikia mama yake akidanganya kwa niaba yake, na ameshapata somo. Yule mtoto anarudi kwao akijua kwamba hatakiwi, ila hajui kwa nini wala afanye nini ili atakiwe.

Mimi nafungua mlango mdogo wa geti natoka mwenyewe, sizungumzi naye kupitia tundu.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hujambo? Leo mwenzio ana kazi za shule, hachezi. Njoo kesho saa 10, ukishakula. Mama anajua kama uko huku?"
"Hajui."
"Basi rudi, msalimie sana. Kesho umuage kwanza."
Anasema "haya", anaondoka anaburuza kijiti ukutani, tayari kawaza lingine. Sijaona mtoto akilia kwa kuambiwa leo hapana. Wanaolia ni wale walioachwa wamesimama juani wakisubiri jibu.

Akiingia, ananawa mikono na miguu pale bombani. Wanacheza uani, na jua likiwa kali wanahamia barazani. Sebuleni wanaruhusiwa, vyumbani hapana, na hakuna mlango wa kufungwa. Hili la mlango sibishani na mtu. Sina mashaka na mtoto huyu au yule, ila watoto wakifungiana ndani, lolote likitokea hakuna mkubwa atakayejua lilianzaje. Sheria hizo ni za wote, na wa kwanza kuzifuata ni wanangu, ili mgeni asijione kawekewa sheria peke yake.

Saa 12 kamili nasema muda umekwisha. Jua hapa kwetu linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi kutegemea mwezi, kwa hiyo kuna nafasi ya kumsindikiza kukiwa bado kweupe. Anasindikizwa mpaka mlangoni kwao. Kumwambia "haya nenda" kisha kufunga geti nyuma yake sikubaliani nako hata kama kwao ni nyumba ya tatu.

Na kule kwao, nilikwenda. Jumapili baada ya chakula, mimi na mwanangu. Sikuanza na lawama wala maneno ya mzunguko: "Mimi ni mama wa nyumba ya geti la kijani. Mwanao anakuja kucheza kwetu, ana adabu, nikaona siyo vizuri watoto wanajuana halafu sisi hatujuani." Tukakaa, tukapeana namba. Nikamweleza siku zipi ni nzuri kwetu na zipi wanangu wanakwenda mafundisho. Alichonijibu ni kwamba alikuwa anaona aibu kuja yeye, akidhani wenye kuta hawapendi kuzoewa.

Nawasilisha. Ninyi mnafanyaje?

Mzee wa Mvumi

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mengi umeyasema vizuri, ila hapo pa "njoo kesho" pamenichoma.

Nimekulia Mvumi. Mtoto akikuta watu wanakula, anaitwa, ananawishwa, anakaa. Ugali wa uwele na mlenda, mkono mmoja ukiongezeka kwenye sahani chakula hakiishi. Hakuna aliyemuuliza kama ameaga. Leo mtoto wa miaka 7 anapangiwa saa kama mtu aliyekwenda ofisini bila miadi. Ninaogopa mkishamzoesha hivyo, akikua hatajua kuingia nyumba ya mtu kwa moyo mweupe. Na sisi wazee tukija kuwatembelea mjini mtatuambia tupige simu kwanza.

Mama wa Ilazo

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kunijibu bila kunigombeza.

Kwenye chakula tuko pamoja. Akikuta tunakula, anakula. Sijawahi kumwacha mtoto barazani asubiri wenzake wamalize, na nikisikia mtu anafanya hivyo roho inaniuma.

Ila mzee, Mvumi ya utoto wako kila mkubwa alijua mtoto huyu ni wa nani, mama yake yuko shamba gani, na bibi yake anakaa wapi. Hakuulizwa kama ameaga kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinamwona njia nzima. Huku mtoto akivuka geti langu hakuna jicho lingine linalomwona, na mama yake akianza kumtafuta ataanzia wapi? Ndiyo maana nasisitiza wakubwa tujuane. Tangu nijuane na wale niliowatembelea Jumapili, "njoo kesho" naitumia mara chache sana. Sasa hivi mtoto wao anaingia, mimi natuma ujumbe mfupi, "yuko hapa", yamekwisha.

Bint Kondoa

Kwenye hilo hilo la chakula naomba wapendwa tusaidiane. Kumpa mtoto wa mwenzio chakula ni wema, lakini uliza kwao anakula nini. Sisi nyama ambayo hatujui imechinjwaje hatuli, na mwanangu ana miaka 6, akiwekewa nyama mezani hawezi kuhoji ni ya nini. Ramadhani pia, wapo wadogo wanaojizoeza kufunga hata nusu siku, wanaona fahari kweli. Anakwenda kucheza, anapewa juisi, anarudi analia kwamba kafungulia. Aliyempa hana kosa, hakujua. Swali moja siku ya kwanza lingetosha.

Mama wa Ilazo

Bint Kondoa, nimelichukua. Na wenye watoto wanaodhurika na karanga au maziwa, semeni bila kuona aibu.

Nesi Zamu ya Usiku

Mimi tatizo langu siyo mtoto kuingia, ni kugonga. Nafanya kazi usiku, narudi saa 2 asubuhi, nalala mchana. Wakati wa likizo geti lilikuwa linapigwa mawe kutwa. Ukiamka kufungua, usingizi ndiyo umekwenda, na usiku una wagonjwa wanakusubiri.

Nilichofanya: niliwaita wale watoto wote siku moja nikiwa macho, nikawaonyesha kanga yangu ya bluu. Nikawaambia, mkiona kanga hii imening'inia getini, mama amelala, hakuna kugonga. Ikitolewa, karibuni. Wengine hata kusoma bado, lakini kanga wanaielewa. Sasa wanapita wanaambiana kwa kunong'ona "kanga ipo, kanga ipo", wanakwenda kucheza kombolela kiwanja cha pembeni. Wanalinda usingizi wangu kuliko hata wakubwa. Mtoto ukimweleza sababu anaiheshimu.

Mpangaji wa Chang'ombe

Mnaongea mageti. Sisi wa nyumba za kupanga mlango ni pazia. Nina vyumba viwili, mke na watoto watatu. Mtoto wa mpangaji mwenzangu hapigi hodi, unamwona tu keshakaa chini anatazama katuni. Mkitaka kubadili nguo inabidi mumtoe. Nifanyeje bila kuvunja ujirani? Mama yake tunachota maji bomba moja.

Mama Uani

Mpangaji, nimepanga miaka mingi, nikujibu. Kwanza pazia nalo lina hodi. Mfundishe wewe mwenyewe: akiingia kimya, mwambie kwa upole, "toka, piga hodi, subiri uambiwe karibu." Mtoe, apige, mkaribishe kwa furaha kweli kweli. Rudia hivyo hivyo kila anapokuja, atazoea. Pili, sisi tulikubaliana akina mama wote wa uani kwamba watoto wakikutana wanacheza nje: rede, mdako, gololi, kuruka kamba. Katuni kila mtoto anatazama kwao. Tulilisema siku moja tukiwa tunachambua mchicha pamoja, kwa hiyo hakuna aliyehisi kasemwa yeye.

Baba wa Binti

Niulize la upande mwingine. Binti yangu wa miaka 8 HATAKI kucheza na rafiki anayekuja. Anakuja kila siku, mwanangu akimsikia anakwenda kujificha chooni, ananiomba nimwambie hayupo. Mke wangu anasema tumlazimishe, ajifunze ukarimu. Mimi sijui.

Mama wa Ilazo

Baba wa Binti, hapa naomba nikae kidogo maana wengi tunapaharakisha.

Kwanza mtafute faraghani umuulize, siyo mbele ya mama, wala siyo wakati mwenzie yuko nje. Usiulize "kwa nini humpendi?" Muulize huwa wanacheza nini, nani anapanga mchezo, mchezo ukiisha anajisikiaje. Halafu nyamaza umsikilize. Inaweza kuwa amechoka tu. Watoto wengi wa hapa wanaondoka na basi la shule alfajiri, wanarudi jioni, na wapo ambao wakifika wanataka kukaa kimya na mdoli wao. Inaweza kuwa mwenzie anampiga au anamnyang'anya vitu. Na inaweza kuwa kuna mchezo anaolazimishwa unaomhusu mwili wake. Ukisikia hilo la mwisho usipige kelele, usimlaumu, mshukuru kwa kukuambia. Hapo mambo ya ukarimu yamekwisha. Huyo mtoto mwingine naye anahitaji msaada, kwa hiyo lipelekwe kwa wazazi wake na kwa ofisa ustawi wa jamii.

Kama ni uchovu tu, mfundishe kusema mwenyewe. Simama naye getini, mkono wako begani kwake, aseme: "Leo sitaki kucheza, nataka kupumzika. Tutacheza Jumamosi." Sauti itakuwa ndogo mara ya kwanza, mwache. Kumlazimisha acheze na mtu asiyemtaka ni kumfundisha kwamba akikataa jambo hatasikilizwa, na mtoto wa kike, na wa kiume pia, atahitaji sana kukataa huko mbele. Ukarimu wake utauona kwa wale anaowapenda.

Mwalimu wa Chamwino

Nichangie kama mwalimu wa msingi. Kucheza siyo zawadi tunayowapa watoto wakishamaliza mambo ya maana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka haki ya kucheza na kupumzika ndani ya wajibu wa mzazi, sehemu moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo anayegonga geti anafuata haki yake.

Lakini naomba mumtazame yule anayekuja KILA siku, anayefika mapema kuliko wote na kuondoka kwa shida. Anayejua saa yenu ya kula kuliko saa ya kwao. Ukisema muda umekwisha anatafuta kazi ya kufanya, anaokota vyombo, anafagia, ili abaki. Wengine ni wapweke tu, kwao yuko peke yake na funguo shingoni. Wengine wana njaa. Wengine kuna mtu nyumbani wanamkwepa.

Msimhoji. Mtoto akihojiwa juu ya kwao hufunga mdomo au husema anachodhani unataka kusikia. Mpe kikombe cha uji, mpe kazi ndogo mkae mnafanya pamoja, kuchambua maharage kwa mfano, atasema akiwa tayari. Ukiona alama za kupigwa, au hofu isiyo ya kawaida jua likianza kuzama, usibaki nalo. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure, hata mtu mzima anapiga kutoa taarifa. Ofisa ustawi wa jamii yupo, mwulizie ofisi ya kata, na mwenyekiti wa mtaa naye yupo.

Baba Mapacha

Akivunja kitu je? Mpira umeingia kioo cha dirisha, waliokuwa wanacheza ni wanne.

Mama wa Ilazo

Kama ulimruhusu acheze, kioo ni chako. Mjulishe mzazi mwenzio ili asije kulisikia pembeni. Akijitolea kuchangia, pokea.

Mama Mboga

Nimesoma uzi huu nikawa naogopa kuandika, lakini acha niandike. Mimi ni mama wa mtoto anayekwenda kugonga mageti ya watu.

Nauza mboga sokoni, naondoka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo, nikirudi mapema ni saa 1 usiku. Baba yao yuko Singida kikazi. Mwanangu wa miaka 9 akitoka shule anakuta bibi yake, na bibi miguu inamsumbua, hawezi kutoka nje kumfuatilia. Pale kwetu hakuna mtoto mwingine. Anapokwenda najua ni huko huko kwenye nyumba mpya, lakini ipi, sijui. Namwambia asiende kwa watu, nikimkataza najua namkataza nini. Anakaa ukutani anasikiliza wenzake wanavyocheza upande wa pili.

Naombeni haya. Akiwa kero, niambieni mimi, msimwambie yeye "mwambie mama yako". Mtoto hawezi kubeba maneno ya wakubwa, anayafikisha yamevunjika au anayameza. Mkimpa chakula, asante, Mungu awabariki, lakini msimpe huku mkimuuliza kama kwao wamekula. Siku moja alirudi na mfuko wa nguo kuukuu. Nguo zilikuwa nzuri na nilizihitaji. Ila zilipokuja mgongoni kwake bila hata salamu, nililia. Aliyezitoa angekuja mwenyewe ningempokea na kumfungashia mchicha.

Na mkimrudisha, mrudisheni mpaka kwa bibi. Hicho alichoandika Mama wa Ilazo ndicho ninachoomba usiku na mchana.

Mzee wa Mvumi

Mama Mboga, Mungu akutie nguvu. Una mtoto mwema, anayetafuta wenzake.

Sasa Mama wa Ilazo nimekuelewa. Nendeni kwao.

Mama wa Ilazo

Mama Mboga, asante. Uliyoandika yamezidi yote niliyoandika mimi juu.

Wenzangu wenye mageti: kuna mzazi anarudi saa 1 usiku na hawezi kuja kwetu kujitambulisha. Tusisubiri aje. Mmfuate bibi, mchana, mkampe namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa. Bibi akishajua mjukuu yuko nyumba gani, nusu ya wasiwasi imekwisha. Na kama mnaweza, pangeni siku maalumu, tuseme Jumanne na Alhamisi, mtoto huyo akitoka shule anapitiliza kwenu anafanya kazi za shule pamoja na wanao, kisha wanacheza. Akijua siku zake zipo hana haja ya kuja kila siku kujaribu bahati.

Mkazi wa Nkuhungu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mvua za Desemba zikianza mnafanyaje? Kati yetu na wenzetu kuna korongo. Wakati wa kiangazi watoto wanavuka mchanga mtupu.

Mama wa Ilazo

Hili zito, ahsante kwa kulileta. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, mtoto anayevuka korongo haji bila kuletwa na harudi bila kufuatwa. Nilivyoongea na mwenzangu tulikubaliana hivyo na watoto wameambiwa wote wawili wakiwa pamoja. Maji ya korongo yanaweza kushuka kwako jua linawaka kwa sababu mvua imenyesha huko juu. Yakiwa ya kifundo cha mguu bado usimvushe, hujui nyuma kunakuja nini. Wingu likijikusanya napiga simu mapema, anafuatwa au namzungusha mwenyewe kwa njia ya daraja. Mvua ikitukuta, anabaki. Nikipiga simu haipatikani, natuma mtu mzima apitie darajani akaseme kwa mdomo kwamba mtoto yuko salama.

Mama Mboga

Na namba ya mzazi mtoto aikariri kichwani, siyo kwenye daftari. Daftari la mwanangu lililowa msimu uliopita, wino wote ukayeyuka. Sasa anaiimba njiani. Kesho nikitoka sokoni nitamweleza bibi kwamba kuna watu wanaweza kuja kumsalimia.